Mkia wa Ndege Uligonga Lami, Nami Nikamwia Radhi Kaka Yangu

Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Ni mwanamke, mtalaka, sina mtoto. Nina shahada mbili za chuo kikuu na, kama mtakavyoona punde, akili ya kuazima.

Nimezaliwa Pemba, nikasoma Dar es Salaam, na huko huko nikabaki nikifundisha chuoni na kuandika makala magazetini. Huenda mmoja wenu amewahi kufungiwa maandazi kwa makala yangu. Hewala, hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Wasomaji wenzangu, sikuandika haya mnionee huruma. Huruma nimeipata ya kutosha, tena ya watu walionikosea. Nimeandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii imekataa kulala. Nikiamka asubuhi naikuta imeshaamka, imekaa ukingoni mwa kitanda inanisubiri...

Kisa changu kinamhusu kaka yangu wa tumbo moja. Nitamwita Kombo.

Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, na Kombo ndiye aliyenilea. Alinibeba mabegani kwenda skuli wakati wa mvua. Aliacha masomo ili mimi niendelee. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba sikuzaliwa na ndugu mbaya. Ningezaliwa naye mbaya, ningejihadhari!

Mama alipofariki tuligawana mirathi kwa sheria. Kombo akachukua nyumba ya Chake Chake na shamba kubwa. Mimi nikapata kishamba cha Makangale, kaskazini kabisa, ukishaupita msitu wa Ngezi. Kilikuwa na mikarafuu ya marehemu baba, minazi ya kuhesabika, na makaburi. Amezikwa hapo bibi yangu, wakazikwa ndugu zake, na mwisho akazikwa mama. Mwenyewe aliomba alazwe hapo, karibu na mamaake.

Makaburi yetu hayakujengewa. Kila moja lina mawe mawili, la kichwani na la miguuni, basi. Lakini mimi la mama nililijua hata kwa kufumba macho.

Azma yangu ilikuwa ndogo. Nikistaafu, nijenge vyumba viwili pale, nifuge kuku, niandike, na siku yangu ikifika nizikwe miguuni pa mama. Mtu asiye na mume wala mtoto anataka nini zaidi? Kila nilipochoshwa na foleni za Dar nilikifikiria kishamba changu, nikatulia.

Kombo ndiye aliyekuwa akikiangalia. Kila msimu alinipigia simu kunipa habari za majonzi. Mara mikarafuu haikuzaa. Mara imezaa, mvua ikaharibu. Mara imeingia mchwa. Nami nikimjibu, "Pole kaka, unahangaika kwa ajili yangu." Nilimpa pole, wasomaji! Nilikuwa namwombea dua!

Basi Kombo akaja Dar kutibiwa macho. Alikaa kwangu muda mrefu. Nilimpikia, nikamtilia dawa machoni kwa mkono wangu, nikamsomea magazeti. Alipopona nikachukua likizo, nikamwambia tutarudi pamoja Pemba, nataka kumzuru mama Makangale.

Hapo akabadilika.

"Njia mbovu, Zuwena."

"Nitapanda bodaboda, kaka."

"Bodaboda kwa umri huo? Na mvua hizi?"

"Nitavaa buti."

"Kuna nyuki siku hizi. Wakali mno."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nyuki! Mzee mzima ananitishia nyuki kama mtoto wa chuo cha Kurani! Nikadhani ni mapenzi, kwamba hataki nichoke. Siku ya safari hakula kitu uwanjani. Chai ilipoa mbele yake. Nikadhani ni hofu ya ndege. Mimi na shahada zangu tulidhani mengi sana siku ile.

Ndege yenyewe ilikuwa ile ya mapanga yanayozunguka mbawani, imejaa tele. Sisi tulikaa viti vya nyuma, karibu na mkia. Upande wa pili wa njia alikaa Bi Rukia, muuza kanga maarufu pale sokoni Chake Chake, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuamsha mtaa. Kombo alikaa dirishani. Hakuangalia nje hata mara moja.

Tulipokaribia Pemba mawingu yalikuwa yametanda na mvua inapiga madirisha. Ndege ikawa inayumba. Nikaiona minazi, nikaona mabati ya nyumba, nikaona uwanja. Magurudumu yakagusa chini kwa kishindo, tukaruka juu kidogo, tukagusa tena. Bi Rukia akapaza sauti, "Alhamdulillahi, tumefika!"

Hatujafika kitu.

Ghafla injini zikanguruma kwa nguvu zote, kama ndio kwanza tunaondoka. Pua ya ndege ikainuka. Nikajikuta nimelala chali kwenye kiti... na hapo ndipo niliposikia sauti ambayo sitaisahau. Ilitoka nyuma yetu, chini ya miguu. Ilikuwa kama sufuria kubwa la harusini linaburutwa kwenye saruji, lakini ndani ya sufuria lenyewe ndimo tulimo! Kiti kikatetemeka, meno yakagongana. Mkia wa ndege ulikuwa unasugua njia!

Kisha sauti ikakatika. Jengo la uwanja likapita chini yetu, na watu waliokuja kupokea jamaa zao wamesimama mikono vichwani. Tulikuwa hewani tena, ndani ya wingu, na hakuna aliyetuambia kitu.

Jamani! Mnajua kelele za watu wanaojua wanakufa? Wengine walisoma shahada. Wengine waliita mama zao. Mwanamme mmoja mbele alikuwa analia kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja. Na kaka yangu Kombo akanikamata mkono, kucha zikaingia kwenye nyama.

"Zuwena! Mdogo wangu! Niwie radhi! Nakufa na haki yako shingoni!"

Hiyo ndiyo mila yetu tangu utotoni. Mtu akienda safari anaomba radhi, akiugua anaomba radhi, akikata roho anawiwa radhi, na anayeombwa haulizi. Kuuliza ni utovu wa adabu. Ni nani atakayemuuliza mtu anayekufa, "Radhi ya nini?" Unafungua mdomo, unatoa.

Nami nikatoa. "Nimekuwia radhi, kaka!"

"Duniani na akhera?"

"Duniani na akhera!"

"Kwa unalolijua na usilolijua?"

"Kwa ninalolijua na nisilolijua! Nawe niwie!"

"Nimekuwia!"

Tukakumbatiana tukilia. Bi Rukia naye akalia, akapiga kelele juu ya kelele zote: "Allahu Akbar! Tazameni ndugu hao! Damu hiyo!"

Nawaambieni kweli, katika dakika ile nilikuwa na raha. Niliona nakufa nimeshikana mkono na aliyenibeba mabegani. Nikamkumbuka mama, nikasema moyoni, tunakuja sote.

Lakini hatukufa. Ndege ikakaa sawa. Rubani akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza bei za mbatata kwamba hali ya hewa haikuruhusu, kwamba mkia umegusa njia kidogo, na kwamba tunakwenda kutua Unguja. Kidogo! Niliyekaa juu ya hicho kidogo ni mimi!

Watu wakaanza kutapika. Na Kombo? Kombo akapangusa machozi, akanigeukia, na kwa sauti tulivu kabisa akaniuliza:

"Zuwena, ulisema na usilolijua, eee?"

"Nimesema, kaka."

"Bi Rukia, weye umesikia?"

"Nimesikia! Na Mungu kasikia!"

Kombo akashusha pumzi ndefu. Akajiegemeza, akafumba macho, akalala. Alilala, wasomaji! Ndege imekwaruzika tumbo, abiria wanasali, yeye anakoroma kama mtoto aliyekwisha nyonya. Nikasema, subhanallah, hii ndiyo imani ya watu wa zamani. Mimi msomi natetemeka, kaka yangu amemtegemea Mola wake.

Hivi mnaona upumbavu ulivyo? Haukuja umevaa matambara. Ulikuja umevaa ucha Mungu.

Tukatua Unguja salama, magari ya zimamoto yakitukimbilia. Tuliposhuka niliuona mkia kwa chini. Rangi imebambuka, bati limekunjamana, mkwaruzo mrefu umeng'aa. Watu wakapiga picha. Kombo hakutazama. Alikuwa anamtafuta Bi Rukia ampe namba yake ya simu.

Kesho yake tukapanda boti, tukashuka bandari ya Wesha, tukaingia Chake Chake. Nyumbani wifi yangu Mize, mke wa Kombo, akatupokea kwa vilio. Mize ni mrefu, mwembamba, ana kasauti kadogo kama ka kinanda. Huyu si wifi tu, ni shoga yangu. Tulichezeshwa ngoma pamoja, tulishona nguo sare pamoja. Mama alipofariki, Mize alikuwa mmoja wa waliomkosha kabla ya kuvikwa sanda. Kumbukeni hilo, maana mimi hulikumbuka kila nikiiona ndoo ya maji.

Ikasomwa dua ya shukurani. Ukapikwa pilau. Bi Rukia akaja kama mgeni wa heshima, akasimulia habari za ndege akiwa amesimama, mikono amenyoosha kama mbawa. Alipofika kwenye radhi akatulia kidogo ili watu wamsikie vizuri.

"Wallahi sijaona! Kaka yuwalia, dada yuwalia. 'Kwa ninalolijua na nisilolijua!' Mie hapa mwili ulinisisimka. Wanawangu, nani kati yenu anaweza kumsamehe nduguye hivyo?"

Wakaniangalia kama walii. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Nilifurahi, siwafichi. Hakuna makala yangu iliyowahi kupata sifa zile.

Siku iliyofuata nikawaambia nakwenda Makangale. Ajabu, safari hii Kombo hakutaja njia wala nyuki. Alisema tu, "Nenda mdogo wangu. Ukirudi tutazungumza."

Nikakodi gari. Tukaupita msitu, tukaiacha barabara, nikamwambia dereva asimame pale penye mkorosho. Mkorosho ulikuwepo. Shamba langu halikuwepo.

Palikuwa na uzio wa mabati marefu, na geti, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki akisikiliza redio.

"Bi mkubwa, hapa hapapitwi."

"Hapa ni kwetu, mwanangu. Nakwenda makaburini."

"Hapa ni kwa mwekezaji. Panajengwa hoteli. Mwenye shamba kashauza zamani."

"Mwenye shamba nani?"

"Bi Zuwena. Yule msomi wa Dar."

"Ndiye mie."

Akanitazama toka juu mpaka chini, safari ambayo haikumchukua muda, maana mimi ni mfupi.

"Hata! Usinichezee, bibi. Bi Zuwena mie n'shamuona. Kaja hapa na kakaake kuonyesha mipaka. Mrefu yule! Kavaa nikabu, macho tu ndiyo yaonekana. Ana kasauti kembamba kama kinanda."

Wasomaji wenzangu... Nilishika bati la uzio kwa mikono miwili. Shoga yangu! Wifi yangu! Alijifunika uso akawa mimi!

Mlinzi alikuwa na roho nzuri. Alipoiona hali yangu akanifungulia geti niangalie. Heri asingefungua. Mikarafuu yote ilikuwa imekatwa. Vimebaki visiki, tena vya zamani, vimeshaota uyoga. Ndiyo mikarafuu niliyokuwa nikiipa pole kila msimu! Katikati ya kiwanja palikuwa na mlima wa mchanga, matofali yamepangwa, na shimo la maji taka limechimbwa.

"Na makaburi?" nikauliza.

"Makaburi gani?"

"Yalikuwa hapa, mwanangu. Chini ya hiyo minazi."

"Lakini Bi Zuwena alisema hapa hapana makaburi. Tajiri aliuliza kwanza, maana asingenunua. Bi Zuwena kaapa hapana."

Mize aliapa. Mize, aliyemmiminia mama maji ya mwisho kwa mkono wake, aliapa kwamba mama hayupo.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka nimeingia ukumbini Chake Chake na viatu vyangu, udongo wa Makangale umenijaa. Kombo alikuwa amekaa na Ami Juma, mdogo wa marehemu baba, wanakunywa kahawa. Mize aliponiona tu akakimbilia chumbani.

Nilipiga kelele. Mimi niliyezoea kutukana kwa misamiati ya vitabuni, siku ile nilitukana kama mtu wa kawaida, na nawahakikishieni inaponya zaidi. Kombo alinisubiri nimalize. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, bila ya hata kuona haya:

"Lakini Zuwena, si ulishaniwia radhi?"

"Duniani na akhera," akaendelea. "Kwa ulijualo na usilolijua. Hili ndilo usilolijua. Sasa umelijua. Na radhi ulishaitoa, watu wamesikia."

Sasa nikaelewa kule kulala kwake! Mkia wa ndege unasugua lami, sisi wengine tunatafuta roho zetu, yeye anatafuta risiti! Na alipoona tumepona, wala hakusema, "Mdogo wangu, niliyokuomba ni haya na haya." Alichokitaka ni kuhakikisha shahidi kasikia vizuri.

Ami Juma akakohoa. "Mwanangu, kosa kafanya. Lakini radhi ikishatoka hairudi mdomoni. Ni kama mate."

"Ami, niliwia radhi vibao vya utotoni! Niliwia radhi maneno! Nani aliniambia nawia radhi kaburi la mama?"

"Ulisema usilolijua," Ami akajibu, na kwa sura yake nikaona kweli anaamini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kombo alikuwa mjanja, lakini Ami alikuwa mkweli.

Habari zikaenea. Na mimi niliyekuwa walii kwa siku mbili nikawa mwanamke anayetaka kula matapishi yake. Sokoni walinisema nyuma ya mgongo. Jamaa wakanipigia simu: samehe, samehe, ulishasema. Nikawauliza masheikh wawili niliowaheshimu. Wa kwanza akaniambia radhi ya dhambi si radhi ya mali, haki yangu iko pale pale. Wa pili akaniambia bora zaidi ni kuacha, nipate malipo kwa Mola. Kisha wote wawili wakaniuliza, hivi ndege ikisugua mkia inakuwaje?

Usiku mmoja nilikaribia kuacha. Nilijiambia, Zuwena, rudi Dar, kafundishe. Lakini kila nikifumba macho nilimwona Mize ndani ya nikabu, amesimama juu ya kaburi, anaapa. Nikaenda mahakama ya ardhi.

Mahakamani Kombo alikuja na kanzu nyeupe. Mwanzo alidai kwamba shamba nililiuza mwenyewe, kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi, na kwamba sasa nimeingiwa na tamaa kwa kuwa hoteli inajengwa. Alisema kwa utulivu, hata mimi nikakaribia kujiuliza kama kweli sikuuza. Mashahidi wake wakaapa wamemwona Bi Zuwena kwa macho yao. Kuona nini, na uso umefunikwa?

Angeishia hapo, labda angeshinda. Neno langu na la mlinzi mmoja dhidi ya neno la watu watatu, maana Ami Juma alikataa kushuhudia baina ya watoto wa nduguye. Lakini Kombo hakutosheka. Alikuwa na hazina yake, na hazina haikai kabatini bila ya kuonyeshwa. Akaomba amlete Bi Rukia.

Bi Rukia akaapa, akapangusa jasho, akasimulia. Ndege ikapaa tena pale mahakamani, ikagonga mkia tena. Karani aliacha kuandika akawa anasikiliza. Bi Rukia akafika kwenye radhi, akaitoa neno kwa neno, na machozi juu yake.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, akamshukuru. Kisha akamgeukia Kombo.

"Mzee, shamba dadaako aliuza mwenyewe?"

"Mwenyewe, mheshimiwa. Kwa hiari."

"Wewe hukumkosea kitu."

"Sikumkosea, mheshimiwa."

"Sasa kule kwenye ndege ulimwomba radhi ya nini?"

Kombo akaitengeneza kofia yake.

"Ya... ya mambo ya kindugu tu, mheshimiwa. Ya kawaida."

"Hata!" Bi Rukia akadakia, bado amesimama. "Kasema, 'Nakufa na haki yako shingoni!' Mie nilikuwa pale, wewe Kombo! Haki gani hiyo?"

"Bi Rukia, umeshamaliza," hakimu akamwambia.

"Sijamaliza, mheshimiwa! Nimeletwa niseme, nasema! Kumbe kilio kile mie nalia na mwizi? Kumbe ndo mana uliniuliza kama nimesikia? Kombo we, hata malaika wa mauti unamtilia ujanja?"

Watu wakacheka mpaka askari akawanyamazisha. Kombo alibaki ameshika ukingo wa kanzu yake. Na kule nyuma Mize akaangua kilio kabla hajaulizwa hata jina. Kale kasauti kembamba kakaijaza mahakama, na yule mlinzi, niliyemleta mimi, akaruka kitini: "Ndiye huyo! Sauti ndiyo hiyo!"

Hukumu haikukawia. Mauzo yakafutwa. Mwekezaji akang'oa mabati yake, akaenda zake akimdai Kombo, na hilo ni lao wawili.

Mtasema, basi Zuwena ameshinda, hasira ya nini?

Nilikwenda Makangale mchanga ulipoondolewa. Nilichukua jembe, udi na maji ya waridi. Nilikwenda kwenye minazi, lakini minazi miwili ilikuwa imekatwa na sikujua tena ipi ni ipi. Mawe yalikuwa yamekusanywa yote, yametiwa kwenye msingi. Mashine ilikuwa imepita, ikasawazisha ardhi kama mkeka. Nilitembea hatua kutoka kwenye mkorosho, nikarudi, nikatembea tena. Nikapiga magoti mahali, nikasema ni hapa. Nikainuka, nikasema hapana, ni pale...

Mimi niliyeweza kulifikia kaburi la mama kwa kufumba macho, nililitafuta na macho yangu yote mawili, na mpaka leo sijalijua. Nikisoma Yaasin naisomea shamba zima. Hakuna hakimu anayeweza kunirudishia hilo. Na hilo ndilo nililolisamehe hewani, nimemkumbatia aliyelifanya, nikimwombea kheri!

Kwa hiyo msiniambie nitulie.

Juzi Ami Juma alinipigia simu. Akasema Kombo anaumwa presha, amekonda, hali chakula vizuri, anataka tuyamalize.

"Mpe simu," nikasema.

Kombo akaipokea. Nilisikia anavyohema. Kwa muda nilimwona yule kijana aliyenibeba kwenye mvua.

"Zuwena," akasema, "niwie radhi, mdogo wangu. Kwa yote."

"Kwa lipi, kaka?"

"Kwa yote, nimesema."

"Yote siyajui. Yataje. Anza na mama."

Nikasikia Ami anamnong'oneza, sema, sema mwanangu. Nikasubiri. Nilisubiri kwa dhati, wasomaji, sikio limebana simu, natamani aseme. Neno moja tu la kweli, ningelia naye mpaka asubuhi. Kisha akakata.

Ndugu zangu, mila yetu ya kuombana radhi ni nzuri, na sisemi muiache. Lakini nakusihini, mume kwa mke, ndugu kwa ndugu: akikujia mtu na machozi, hata kama ndege inaanguka, hata kama pumzi ni ya mwisho, muulize kwa upole ni kwa lipi. Akitaja, msamehe, nawe utakuwa umemsamehe kweli. Akikwambia kwa usilolijua, shika mkono wake, msomee dua, lakini mdomo wako ufunge. Mimi sikuufunga. Sasa nina shamba lisilo na mkarafuu, kaka asiyeweza kutaja kosa lake, na mama aliyelala mahali fulani humo chini ya miguu yangu, ninapoogopa kukanyaga.